Tangi la Vipuliza

Wapo watu waliojaliwa moyo mpana kama ghala, ila ghala lenyewe halina mlango. Mmoja wao ni muuza gesi wetu, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Koki, na hata yeye mwenyewe ukimuuliza jina atakutajia hilo. Jina kalipata kazini. Mtungi wowote ukiingia dukani kwake, uwe mtupu au umejaa, kitu cha kwanza anashika koki na kuikaza mpaka mwisho. Umekuja na wageni, umekuja na msiba, hakutazami. "Koki kwanza, salamu baadaye," ndivyo anavyosema. Halafu anapaka povu la sabuni kwa brashi ya kunyolea ndevu, anainama kuangalia kama kuna kipovu kinachovimba, na akiridhika ndipo anainua uso: "Haya, habari za nyumbani?"

Kwa gesi hiyo ni tabia njema, wala hakuna jirani aliyewahi kulipukiwa. Lakini kwa mambo ya moyoni ni balaa tupu, na mimi ninayekusimulia nilishakaribia kumzaba kibao.

Mkewe alifariki akamwachia binti. Binti mwenyewe hakumzaa yeye. Mama alikuja naye siku ya ndoa, kasichana kasiko na meno ya mbele, kamevaa soksi za rangi mbili. Sasa kamekuwa mwanamke mrefu wa kidato cha juu, mwenye akili kali na ulimi mkali zaidi. Yeye humwita baba yake wa kambo "Mzee", kama wateja wanavyomwita. Naye humwita binti "Kapteni", kwa sababu ya ule mchezo.

Mchezo wenyewe uko kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma ya duka, kompyuta iliyonunuliwa kwa ajili ya hesabu za biashara na ambayo haijawahi kuona hesabu hata moja. Ni mchezo wa kurusha vyombo vya angani. Unaunda chombo chako kipande kwa kipande: injini, matangi, miguu, kibanda cha rubani. Ukikosea mahesabu kinaanguka, na hakuna wa kumlaumu. Mama yake alipozikwa, binti alijifungia humo, akawa anarusha vyombo na kuviangusha, anarusha na kuangusha. Siku moja Mzee Koki akachukua kigoda, akaketi nyuma yake. Hakusema kitu. Kesho yake akaketi tena. Wiki ikapita, ndipo akanyoosha kidole kwenye kioo na kuuliza, "Hicho kitungi ni cha nini?"

Binti alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu matanga, na Mzee Koki alitoka nje akajifanya anapanga mitungi, kumbe anafuta macho.

Kile kitungi kilikuwa tangi la vipuliza. Binti alimweleza: chombo kina injini kubwa ya kukisukuma mbali, lakini ukitaka kukisogeza kidogo tu, kushoto, kulia, mbele, nyuma, unatumia vipuliza, vijiinjini vya pembeni vinavyotoa pumzi fupifupi. Navyo vina mafuta yao, na mafuta yao yana tangi lao, dogo, la mviringo, la rangi ya maziwa. Bila hilo huwezi kuunganisha chombo na chombo. "Aah," akasema Mzee Koki, "hili nalijua." Tangu siku hiyo akateuliwa kuwa fundi mkuu wa matangi, na cheo hicho alikipenda kuliko duka.

Sasa sikiliza balaa lilivyoanza. Jioni moja Mzee Koki alikuwa anaosha vyombo, binti akaja akaegemea mlango wa jikoni.

"Mama Mkubwa kapiga simu," akasema. "Anataka nikakae kwake. Nyumba ni kubwa, na shule ya karibu ina maabara ya kweli. Atakuja Jumamosi. Nikikubali, naondoka naye."

Mama Mkubwa ni dada yake marehemu. Ni mama mwenye sauti kubwa na mkono wazi, hana ubaya hata chembe.  Moyo wa Mzee Koki ukamwambia: mwambie asiende. Mwambie nyumba hii itakuwa kaburi. Mwambie unampenda. Yote hayo yalikuwa kooni, yamejaa tele. Kilichotoka je?

"Ni wewe tu, Kapteni. Kwake kuna nafasi."

Jamani! Nafasi! Mtu anaulizwa kama anamtaka mwanawe, anajibu kama dalali wa nyumba!

Binti akasimama kidogo, kama anayesubiri mabaki ya sentensi. Mabaki hayakuja. Akasema, "Sawa, Mzee," akaenda chumbani kwake. Mzee Koki akabaki anasugua sahani iliyotakata zamani. Kichwani mwake alikuwa na hoja, na aliiona hoja nzuri: mtoto si damu yake, ni damu ya Mama Mkubwa, hana haki ya kumzuia. Akimwambia baki, atakuwa anamfunga kamba. Kwa hiyo akaona heshima ni kunyamaza. Wiki nzima wakaishi kwa "umekula?" na "nimekula", watu wawili wanaopendana wakipishana ukumbini kama wapangaji.

Jumamosi asubuhi, kabla duka halijachangamka, binti akamjia akiwa anapanga mitungi.

"Mzee, leo tumfuate Kibogoyo. Sitaki kumwacha huko peke yake."

Kibogoyo ni mwanaanga wao wa kwenye mchezo, katuni lenye kofia kubwa na jino moja, linalochekacheka hata chombo kikiwaka moto. Walimpeleka mwezini, akatua salama, akaondoka salama, kisha mafuta yakamwishia akiwa angani. Tangu hapo anazunguka tu, na jino lake. Mzee Koki hakusikia habari ya Kibogoyo. Alisikia "kumwacha", akajua mtoto ameshaamua, anaaga tu.  "Twende, Kapteni," akasema.

Wakaunda chombo cha uokoaji. Ubishi ulikuwepo, kama kawaida. Mzee alitaka tangi la vipuliza lile kubwa kabisa.

"Zito hilo!" binti akapiga kelele. "Unataka kupaa au unataka kufungua depo?"

"Akiba haiozi."

"Akiba hairuki pia. Weka dogo."

Akaweka dogo. Alilichagua yeye mwenyewe, akalisogeza chini ya kibanda cha rubani, akalizungusha likakaa sawa, akalikagua kila upande kama anavyokagua mtungi wa mteja. Binti wakati huo alikuwa ameinama anatafuta waya wa kipanya uliochomoka. Akarudi, akaangalia, akasema limekaa vizuri. Wakarusha.

Kilipaa vizuri, nakuambia ukweli. Kikatoboa mawingu, kikadondosha vipande vya chini, kikaingia kwenye njia ya Kibogoyo kama kimetumwa dukani. Binti anapiga hesabu kwa midomo, Mzee ameshika magoti. Kibogoyo akaonekana kama nukta, nukta ikawa kidude, kidude kikawa chombo kile kilichopinda mguu. Binti akazima injini kubwa.

"Sasa vipuliza. Taratibu."

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kipimo cha mafuta ya vipuliza kilisoma sifuri.

"Haiwezekani! Hatujatumia hata tone!" Akabonyeza vibonye vyote, akabonyeza na visivyohusika. Vyombo viwili vikapishana polepole, Kibogoyo anachekelea dirishani, na nafasi kati yao ikaanza kupanuka.

"Nilisema tuweke kubwa," Mzee akanong'ona. Wee! Bora angenyamaza, maana hapo ndipo kunyamaza kulipohitajika.

"Si suala la kubwa! Tangi limeingia tupu!" Binti aligeuka, macho yamejaa maji. "Kitu kimoja tu nilikuachia, Mzee. Kimoja! Nilitaka tumalize hiki kitu pamoja, basi. Hata hiki nacho…"

Hakumalizia. Mzee Koki alijua kabisa kwamba machozi yale hayakuwa ya katuni. Alifungua mdomo. Na mlango wa duka ukagongwa kama kuna moto.

Alikuwa Mama Keki, mwoka keki wa mtaani, na mtungi wake kwenye kitoroli, na unga mpaka kwenye nyusi.

"Mzee Koki! Umeniuzia hewa! Nina keki ya harusi, tanuri limelala, mtungi wako mtupu!"

Mzee akaunyanyua mtungi kwa mkono mmoja. Mzito. Akautikisa, maji ya gesi yakacheza ndani. Akashika koki. Ilikuwa imekazwa vilevile alivyoikaza mwenyewe jana yake.

"Mama Keki, huu umejaa. Hukuufungua."

"Nimejaribu! Haizunguki! Umeikaza kama mlango wa benki, mkono wa nani utaweza?" Akamnyooshea kidole chenye siagi. "Wewe baba, ukishafunga kitu, mwenzio atajuaje kuna kitu ndani? Si ataona tupu tu!"

Mzee Koki akailegeza koki, akaijaribu, akaifunga tena, safari hii kwa mkono wa huruma. Mama Keki akaondoka anasukuma kitoroli na kulalamika. Naye akabaki amesimama katikati ya duka, brashi ya povu mkononi. Kitu kilimpanda kutoka unyayoni mpaka utosini. Akakimbia. Mtu mzima yule, na magoti yale, akakimbia mpaka chumba cha nyuma.

"Kapteni! Lile tangi umelifungua?"

"Kulifungua vipi?"

"Si lina kiswichi ubavuni? Cha kuzuia mafuta yasitoke?"

Binti akamtazama taratibu. "Kipo. Ni cha kuhifadhi akiba. Kikifungwa, kipimo hakilihesabu hilo tangi kabisa." Akakiachia kipanya. "Mzee. Usiniambie."

"Tulikuwa tunakwenda kulisafirisha," Mzee akajitetea. "Mtungi unaosafirishwa lazima ufungwe."

Binti alimwangalia, akaiangalia kompyuta, akamwangalia tena. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka paji la uso likagonga meza. "Amefunga koki angani! Mungu wangu, amefunga koki angani!" Na Mzee Koki, ambaye wiki nzima hakuwa amepata hewa, akacheka naye mpaka akakaa chini sakafuni.

"Fungua basi, Kapteni, anapotea!"

Binti akagusa tangi, akageuza kiswichi, na kipimo kikapanda kutoka sifuri mpaka juu kabisa. Vipuliza vikatoa pumzi, pff, pff, chombo kikasita, kikageuka, kikaanza kurudi.

Hapo ndipo Mama Mkubwa alipoingia. Hakubisha hodi dukani, aliibisha akiwa ameshafika jikoni, na sauti ikafika kabla yake: "Nyumba hii! Kuna sufuria inaungua na watu wanacheka! Mgeni apokelewe na moshi?" Akazima jiko, akatokea chumba cha nyuma na mkoba begani. "Mnafanya nini?"

"Shikamoo Mama Mkubwa. Ngoja kidogo, tunamwokoa mtu," binti akasema bila kugeuka.

"Marahaba. Mtu gani?"

"Yule mwenye jino."

Mama Mkubwa akaketi kwenye kigoda, mkoba mapajani, akatazama. Mwanzoni alitazama kwa adabu. Baada ya muda akawa ameushika mkoba kama usukani. "Mbona mnamkaribia kwa kasi hivyo? Mtamgonga!"

"Mzee, shika breki. Kibonye hicho, guso fupi."

Mzee Koki akaweka kidole kwenye kibonye, kidole kinene chenye mikwaruzo ya vyuma. Akagusa. Pff. Akagusa. Pff. Chombo kikapunguza mwendo, kikawa kinasogea kama mtu anayeingia chumba alicholala mtoto. Vyombo vikagusana. Mlio mdogo wa chuma ukasikika, na maandishi yakatokea kwamba vimeungana. Kibogoyo akafungua mlango, akaelea, akaingia chombo kipya, na jino lake.

"Alhamdulillahi!" Mama Mkubwa akaruka, halafu akaona haya, akaketi tena. "Haya. Mmenitoa jasho kwa mtu ambaye hayupo. Sasa mwanangu, gari liko nje. Vitu vyako viko wapi?"

Kicheko kikakatika. Binti aliweka mikono mapajani. Alimgeukia Mzee Koki, si mama yake mkubwa.

"Mzee, nakuuliza mara ya pili. Unasemaje?"

Na mimi ninayesimulia naapa, lile jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake. *Ni wewe tu.* Mdomo ulikuwa umeshajipanga.

Binti akamwahi. "Mama aliniambia kabla hajafa. Alisema, ukimwona huyu mtu kimya, usidhani hamna kitu. Alisema usimkimbie kwa sababu ya kimya chake. Nimejaribu. Lakini Mzee, nimechoka kukisia."

Mzee Koki hakujua kwamba mkewe, na maumivu yale ya kitandani, alipata nafasi ya kumsemea. Alitaka kushika kitu, chochote, mikono yake haijazoea kukaa mitupu. Hapakuwa na kitu cha kushika.

"Sitaki uende," akasema.

Ilitoka ndogo, kama ya mtu mwingine. Akajaribu tena. "Sitaki uende, Kapteni. Wiki hii nzima silali. Nilisema kuna nafasi… mimi mjinga. Nafasi nitaitaka ya nini? Ukienda shule nzuri nitafurahi, nitakusindikiza, nitabeba mizigo. Lakini umeniuliza ninachotaka. Sitaki uende. Nilinyamaza kwa sababu sina haki. Wewe si…"

Akakwama.

"Mimi si nini?" binti akauliza. Machozi yalikuwa yanamtiririka wazi, hayafuti. "Sema. Mama yangu hayupo. Baba aliyenizaa simjui hata sura. Mama Mkubwa ana wanawe. Mimi ni wa nani, basi?"

 Mama Mkubwa, ambaye katika maisha yake hajawahi kuacha swali lipite bila kulijibu, aliangalia ukutani na kuacha swali lile lipite.

"Wangu," akasema Mzee Koki.

"Usiniambie mimi," binti akasema, sauti inatetemeka na ukorofi uko palepale. "Mwambie huyo aliyekuja na gari."

Mzee Koki akasimama. Alisimama wima kabisa, kama siku ya ndoa, akamgeukia dada wa marehemu mkewe.

"Shemeji," akasema, na safari hii hakunong'ona, hata waliokuwa wanapita mbele ya duka walisikia. "Huyu ni mwanangu. Haendi popote."

Mama Mkubwa alimwangalia, midomo ikaanza kumcheza, akatoa leso kwenye mkoba.

"Mwanaume wewe," akasema, "wiki nzima nilidhani nakuja kukupunguzia mzigo."